Historia ya Ukarabati wa Sehemu Tete za Luninga za Chogo Mkoani Singida, 1994–2015

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya luninga za tyubu, ambazo Watanzania wengi huziita luninga za chogo, kwa kuzitazama kupitia sehemu zake zilizokuwa rahisi kuharibika na kazi ya mafundi waliozirudisha katika hali ya kutumika. Eneo la uchunguzi ni Mkoa wa Singida, mkoa wa bara ulio mbali na bandari na mbali na vituo vya kwanza vya matangazo. Hoja kuu ni kwamba historia ya luninga nchini haiwezi kukamilika kwa kuorodhesha vituo, sheria na minara pekee. Luninga iliyofika Singida ilidumu kwa sababu kulikuwa na maarifa ya kuitengeneza, na maarifa hayo yaliundwa na mazingira mahususi ya vumbi, upepo, umeme usiotulia na uhaba wa vipuri. Insha inahitimisha kwa kueleza kwamba maarifa hayo yako hatarini kupotea bila kuandikwa, na kwamba upotevu huo una athari kwa historia, kwa elimu ya ufundi na kwa afya ya mazingira.

1.0 Utangulizi

Historia ya utangazaji Tanzania huandikwa kwa kawaida kuanzia upande wa mtangazaji. Huanza na redio ya kikoloni ya mwaka 1951 mjini Dar es Salaam, hupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, huigusa Televisheni Zanzibar ya mwaka 1973, kisha huhamia kwenye vituo binafsi vya mwaka 1994. Mpangilio huu una manufaa, lakini unamwacha mtazamaji akiwa mpokeaji asiye na historia yake, na unakiacha kifaa cha kupokelea matangazo kama kitu kilichokuwapo tu. Ukweli ni kwamba matangazo hayana maana yoyote katika nyumba ambayo luninga yake imezimika. Kati ya mnara na macho ya mtazamaji kulikuwa na kifaa cha kioo na waya, na nyuma ya kifaa hicho alikuwapo fundi.

Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanza mwaka 1994, luninga ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara, na kuishia mwaka 2015. Tarehe 17 Juni 2015 ndiyo iliyokuwa ukomo wa kimataifa wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, kama ulivyokubaliwa na nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 2006. Miaka hiyo takriban ishirini ndiyo umri wa luninga ya chogo katika mikoa ya kati, tangu ilipoingia kwa wingi hadi ilipoanza kuondoka.

2.0 Mtazamo na Vyanzo

Insha inaongozwa na mtazamo wa historia ya teknolojia inayotazama matumizi badala ya uvumbuzi. David Edgerton (2006) amesisitiza kwamba umuhimu wa teknolojia katika maisha ya watu huonekana zaidi katika matumizi na matunzo yake kuliko katika tarehe ya kubuniwa kwake. Kwa Tanzania, Joshua Grace (2021) ameonyesha kupitia historia ya magari kwamba gereji zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa, wala si mahali pa kuiga tu yaliyobuniwa ng'ambo. Laura Fair (2018) naye ameandika historia ya sinema nchini akiwapa watazamaji nafasi ya kuwa wahusika wa kihistoria. Insha hii inapeleka mtazamo huo kwenye luninga.

Ushahidi unaotumika ni wa aina tatu: sera na sheria za utangazaji, mazingira ya kijiografia na ya umeme ya Singida, na luninga yenyewe. Aina hii ya tatu inahitaji maelezo. Luninga iliyotengenezwa mara nyingi ni waraka. Kwenye bodi yake huonekana lehemu ya kiwandani iliyo nyembamba na ya kufanana, na kando yake lehemu ya mkono iliyo nene. Huonekana kapasita ya rangi tofauti na wenzake, waya ulioruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa sababu njia ya shaba iliungua, na pengine transista ambayo mtengenezaji wa kwanza hakuiweka. Kila alama ya aina hiyo inaeleza kitu kilichoharibika, kipuri kilichopatikana na uamuzi uliofanywa. Kwa mwanahistoria, alama hizi zina thamani ileile ya maandishi ya pembeni katika hati ya kale.

3.0 Muktadha wa Kihistoria

Tanzania Bara ilichelewa kuwa na luninga kwa uamuzi wa kisiasa. Kenya ilikuwa na luninga tangu mwaka 1962 na Uganda tangu 1963. Katika siasa ya Ujamaa na Kujitegemea luninga ilihesabiwa kuwa anasa ambayo ingewanufaisha wachache wa mijini, ilhali redio iliweza kumfikia mkulima kijijini kwa gharama ndogo. Zanzibar ilikata shauri tofauti. Huduma yake, iliyoanza mwaka 1973 ikiwa ya rangi, hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Wakazi wa pwani ya Bara walioweza kunasa mawimbi ya Unguja waliiona luninga miongo miwili kabla ya ndugu zao wa mikoa ya kati.

Singida, iliyokuwa mkoa kamili tangu mwaka 1963, haikuwa na bahati hiyo ya kijiografia. Ilikuwa mbali na Unguja na mbali na mpaka wa Kenya. Hata hivyo, haikuwa mkoa usiojua vifaa vya elektroniki. Redio za Philips, zilizoundwa Arusha, na za National zilikuwa sehemu ya maisha ya wananchi, na kila palipokuwa na redio palihitajika mtu wa kuitengeneza. Hivyo, luninga ilipokuja ilikuta ufundi wa redio. Mafundi wa luninga walianza na bisibisi na chuma cha kulehemu ambavyo tayari vilikuwa mezani.

Njia ilifunguliwa kwa hatua. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa, soko la bidhaa za nje lilipanuka. Katika miaka hiyo luninga iliingia ikiwa mwenza wa deki ya video, kwa kuwa matangazo hayakuwapo. Mabanda ya kuonyeshea video, ambayo baadaye yaliitwa vibanda umiza, yaliifanya luninga moja itazamwe na watu wengi. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 vilianza CTN, ITV na DTV. Luninga ya serikali, TvT, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000.

4.0 Mazingira ya Singida na Maisha ya Kifaa

Luninga nyingi zilizofika Singida zilibuniwa kwa ajili ya sebule za Asia ya Mashariki na Ulaya. Mkoa uliozipokea ni nusu jangwa ulio katika uwanda wa juu, wenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya ukavu. Upepo wa Singida ni maarufu kiasi kwamba umefikiriwa kuwa chanzo cha umeme, na upepo huohuo huinua vumbi na kuliingiza kila penye upenyo.

Vumbi lina uhusiano wa pekee na luninga ya tyubu. Ndani ya luninga ya rangi kuna volteji inayoweza kufikia volti 25,000 au zaidi, na sehemu yenye volteji kubwa kiasi hicho huvuta chembe za vumbi kama sumaku ivutavyo chuma. Baada ya miaka michache, bodi na chogo hufunikwa na tabaka la vumbi. Wakati wa kiangazi tabaka hilo huzuia joto kutoka. Mvua za kwanza zinapoleta unyevu, vumbi hilohilo hugeuka njia ya umeme kupita mahali pasipostahili, na cheche husikika ndani ya kasha. Kwa sababu hii kazi ya kwanza ya fundi mara nyingi ilikuwa kupangusa kwa brashi kabla ya kupima chochote.

Jambo la pili lilikuwa umeme. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida kwenda Shinyanga iliuunganisha mji na gridi ya Taifa, lakini kuunganishwa hakukuwa sawa na kutulia. Ukame ulisababisha mgao wa umeme mwaka 1992 na 1994, na tena 2006 na 2011. Kwa luninga, madhara makubwa hayakutokana na giza bali na umeme unaporudi, kwani volteji huweza kupanda ghafla na kuunguza sehemu ya kuingizia umeme. Nje ya miji, kabla ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, luninga ndogo zilitegemea betri ya gari au jenereta, na kila chanzo kilikuja na maradhi yake.

5.0 Sehemu Tete na Tiba Zake

5.1 Tyubu na shingo yake

Tyubu ya picha ni chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani. Mbele yake ni nene na nzito; nyuma inapungua hadi kuwa shingo yenye kipenyo cha milimita 22 hadi 29 hivi, na ndani ya shingo hiyo hukaa mtutu wa kurushia elektroni. Shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Kioo chake ni chembamba, na kinabeba koili za kupindisha miale pamoja na bodi ndogo iliyochomekwa kwenye pini zake. Mtu akiichomoa bodi hiyo kwa kuipindisha badala ya kuivuta sawasawa, shingo hupasuka, hewa huingia, na tyubu huwa imekufa. Ndani ya shingo kuna doa la rangi ya fedha ambalo hunasa mabaki ya gesi. Hewa inapoingia, doa hilo hugeuka jeupe. Fundi anayelijua doa hilo hana haja ya mita kutambua kwamba kifaa hakitapona.

Safari ilikuwa adui mwingine wa shingo. Luninga iliyosafirishwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, au iliyofungwa nyuma ya baiskeli kutoka mjini kwenda kijijini, ilibeba uzito wake wote mbele huku shingo ikitikisika nyuma. Kuilaza luninga kifudifudi juu ya godoro au gunia laini wakati wa kusafirisha ulikuwa uamuzi unaotokana na kuelewa mahali uzito ulipo.

Tyubu isiyovunjika huzeeka. Kathodi zake huchoka kutoa elektroni, picha hufifia na rangi moja huweza kutangulia kupotea. Kwa kuwa tyubu mpya ilikaribia bei ya luninga nzima, tiba ilikuwa kuiamsha. Hita ya tyubu hutumia volti 6.3, fundi aliongeza volteji hiyo kidogo, pengine kwa kuzungusha mzunguko mmoja wa waya kwenye kiini cha flaibeki, ili kathodi ipate joto zaidi. Picha ilirudi kwa miezi kadhaa, pengine kwa zaidi ya mwaka. Tiba hii ilikuwa na gharama, maana iliharakisha mwisho wa tyubu. Fundi na mwenye mali walikuwa wakijadiliana, kwa lugha yoyote waliyotumia, kuhusu muda: kupata picha sasa na kukubali kuipoteza baadaye.

5.2 Flaibeki

Flaibeki ni transfoma inayotoa volteji kubwa ya tyubu. Katika mfumo wa PAL hufanya kazi mara 15,625 kila sekunde, na kihami chake hubeba mkazo huo kwa miaka. Kinapopata ufa, umeme huruka kwa cheche ya buluu na harufu kali. Dawa bora ni flaibeki mpya ya namba ileile, lakini namba ni nyingi na duka la vipuri la mji wa mkoa haliwezi kuwa nazo zote. Hivyo mafundi walikausha, wakasafisha na kuziba ufa kwa gundi ngumu inayostahimili joto, au walichukua flaibeki ya luninga iliyokufa na kuifananisha miguu. Kutoka hapo ulitokea utaratibu wa kuhifadhi mabovu. Lundo la makasha katika karakana, ambalo mpita njia angeliona kuwa taka, lilikuwa ghala la vipuri lisilo na daftari, na kumbukumbu ya vilivyomo ilikuwa kichwani mwa mwenye karakana.

5.3 Lehemu na kapasita

Kasoro nyingi hazikuwa kubwa kiasi hicho. Flaibeki ni nzito, na hupata joto na kupoa kila siku. Lehemu inayozunguka miguu yake hupasuka kwa duara jembamba kama unywele. Katika uwanda ambao usiku wa Juni na Julai ni wa baridi na mchana ni wa jua, kupanuka na kusinyaa huko kunakuwa kukubwa zaidi. Dalili yake ilijulikana: luninga inayozimika na kuwaka tena inapopigwa kofi ubavuni. Kofi hilo, lililofanyiwa mzaha, lilikuwa kipimo sahihi cha lehemu iliyoachia. Luninga iliyobaki na mstari mmoja mweupe katikati ya kioo nayo ilielekeza macho ya fundi kwenye saketi ya kutanua picha kutoka juu hadi chini.

Kapasita zenye maji ya kemikali ndani yake hukauka. Kanuni inayojulikana kwa wahandisi ni kwamba umri wa kapasita hizo hupungua kwa nusu hivi kwa kila nyongeza ya nyuzi joto kumi. Tabaka la vumbi lililoelezwa hapo juu, kwa kuongeza joto ndani ya kasha, lilikuwa linakula miaka ya kapasita kimyakimya.

6.0 Lugha na Urithishaji wa Ufundi

Maarifa haya yalikuwa na lugha yake. Luninga ilipewa mwili: ina chogo, ina shingo, ina miguu ya vipuri, ina tyubu inayolala na kuamshwa. Neno chogo, ambalo katika Kiswahili ni kisogo kilichotokeza, liliipa mashine ya kigeni umbo linalofahamika. Pamoja na maneno hayo yalikaa maneno ya kukopa kama flaibeki, kapasita, transista na fyuzi, yaliyopokea ngeli na viambishi bila tabu. Isimu ya Kiswahili imeshughulika sana na istilahi zilizoundwa na mabaraza na vyuo. Msamiati wa karakana unaonyesha kwamba uundaji wa istilahi ulikuwa ukiendelea pia mahali ambapo hapakuwa na baraza.

Urithishaji ulifuata njia mbili. Njia rasmi ilikuwa ya vyuo na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 iliirithi na kuipanua. Njia ya pili ilikuwa ya kukaa na fundi. Kijana alianza kwa kufungua parafujo na kupangusa, akafuata kulehemu, na mwisho ndipo aliporuhusiwa kugusa upande wa volteji kubwa. Mpangilio huo ulikuwa wa usalama. Tyubu huhifadhi chaji hata baada ya luninga kuchomolewa, na namna ya kuiondoa chaji hiyo kwa bisibisi yenye mpini wa kihami, iliyounganishwa kwa waya na ardhi ya tyubu, ilifundishwa kwa mkono kabla ya jambo lingine lolote upande huo. Methali isemayo kazi mbaya si mchezo mwema ingeeleweka vizuri mbele ya meza hiyo.

7.0 Dijitali na Uhai wa Pili

Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia kwa kuanzia Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Ingeweza kutarajiwa kwamba luninga za chogo zingetupwa. Ilitokea kinyume. King'amuzi kiliiwezesha luninga ya zamani kupokea matangazo mapya, ikabaki sebuleni ikiwa kioo cha kutazamia tu, huku kazi ya kunasa mawimbi ikihamia kwenye kisanduku kidogo.

Mabadiliko haya yalihamisha pia udhaifu. Matundu ya kuingizia picha na sauti, yaliyokuwa hayatumiki sana, sasa yalichomekwa na kuchomolewa kila mara hadi lehemu zake zikaachia. Luninga kongwe zaidi, zenye tundu la antena peke yake, zilihitaji daraja, na deki ya video iliyokuwa imestaafu ilirudishwa kazini kwa sababu iliweza kupokea picha ya king'amuzi na kuitoa kwa njia ya antena. Sera ya taifa ilitekelezwa majumbani kwa msaada wa watu ambao hawakutajwa katika sera hiyo.

8.0 Mwisho wa Chogo na Suala la Risasi

Sony ilisimamisha utengenezaji wa luninga za tyubu mwaka 2008, na katika muongo uliofuata viwanda vikubwa vilivyobaki viliacha kuzalisha tyubu. Tangu hapo kila shingo inayovunjika ni hasara isiyofidiwa. Luninga bapa zinazochukua nafasi hiyo zina kasoro zake, na kioo chake kikipasuka aghalabu hakitengenezeki.

Aidha, tyubu inapokufa haiishi kuwa tatizo. Takriban moja ya tano ya uzito wa kioo cha sehemu ya nyuma ya tyubu ya rangi ni oksidi ya risasi, iliyowekwa humo kumkinga mtazamaji dhidi ya mionzi. Tyubu ikiwa nzima, risasi hiyo imefungwa. Ikivunjwa ili kutoa shaba ya koili, na vipande vikatupwa jalalani, hatari huanza. Mji wa Singida umekaa kando ya maziwa Singidani na Kindai, ambayo hayana mto wa kuyatoa maji yake kwenda baharini. Kinachosombwa na mvua kuelekea huko hubaki huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatoa msingi wa kudhibiti taka hatarishi, lakini anayejua tyubu ziko wapi, ngapi zimekufa na namna ya kuzishika bila kuzivunja ni fundi. Utunzaji wa mazingira ukimweka kando fundi, utakuwa umeweka kando mtunza ghala.

9.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba luninga mkoani Singida haikudumishwa na mitambo ya kurushia matangazo peke yake. Ilidumishwa na utaratibu wa maarifa uliosoma vumbi, upepo, baridi ya usiku na kurudi kwa umeme kama sababu za maradhi, na uliopima kila tiba kwa bei, kwa kipuri kilichopo na kwa muda ambao mwenye mali angeridhika nao. Udhaifu wa shingo ya kioo, wa kihami cha flaibeki na wa lehemu ndio uliowaleta pamoja mwenye luninga na fundi, na mkutano huo ndio historia ambayo vitabu vya utangazaji havijaiandika.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, idara za historia na za Kiswahili zishirikiane kurekodi masimulizi ya mafundi wa kizazi cha redio na luninga za tyubu katika mikoa ya kati wangali hai, pamoja na msamiati wao. Pili, makumbusho zikusanye luninga zilizotengenezwa mara nyingi, zikiwa na lehemu na waya zake za mkono, badala ya kutafuta zile zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani. Tatu, vyuo vya ufundi stadi na mamlaka za mazingira ziwatambue mafundi hao kuwa wabia katika kukusanya tyubu zilizokufa. Kila karakana inayofungwa huondoka na ghala lake na kumbukumbu ya ghala hilo, na kwa kuwa kumbukumbu hiyo haijawahi kuandikwa, hakuna nakala yake mahali pengine.